Bukari iko ya moto

Wimbo ulikuwa wa kuwakumbuka marehemu. Metre wetu, ndivyo tunavyomwita mwalimu wa korale, yaani kwaya, huku Lubumbashi, alikuwa ameutungia sauti inayoanzia chini kwa wanaume na kupanda taratibu, kama moshi wa makaa asubuhi juu ya mabati ya mtaa wa Katuba. Maneno nilimpa mimi. Kiitikio kilianza na neno moja tu, refu, nililolipenda: Tunakukumbuka. Nilikuwa nimelisoma kwa macho mara nyingi, na macho hayakuona tatizo lolote. Siku ya mazoezi soprano wakaimba "tuna", wakanyamaza nusu pigo kama noti zilivyotaka, wakarudi na "kuku" kwa noti mbili ndefu, nzito, halafu "mbuka" ikaja nyuma peke yake. Watoto waliokuwa wamekaa dirishani wakingoja mama zao wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kwa sauti: "Muko na kuku ngapi?"

Wiki mbili kabla tulikuwa tumemzika mwenzetu wa sauti ya besi. Mke wake alikuwa amekaa safu ya pili ya alto. Aliishusha karatasi yake magotini, akaikunja mara moja, akaikunja tena. Sikupata namna ya kumtazama.

Usiku ule nilibisha kila mlango. Twakukumbuka: kuku bado yumo. Tutakukumbuka: yumo. Hatukusahau: hapo kuku ametoka, lakini msikilizaji hajui kama tunamwambia marehemu kwamba hatumsahau, au tunajitetea kwamba jana hatukusahau kitu fulani. Nikaandika, nikafuta. Jikoni mdogo wangu alikuwa kwenye simu na mume wake aliye kazini Kolwezi, na katikati ya habari za ada ya shule na bei ya unga nikamsikia akisema, "Miye niko nakuwaza sana." Nikaacha kalamu. Ndivyo tunavyosema hapa. Mtu akiwa mbali, akiwa safarini au kaburini, tunamuwaza. Tu-na-ku-wa-za: silabi tano, uzito ukiangukia "wa", mdomo ukiwa wazi kabisa. Nikampigia metre saa nne usiku. Akaimba mstari ule kwenye simu, akarudia, akakaa kimya kidogo. "Yaya," akasema, ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa, "hili neno lilikuwa wapi siku zote?"

Lilikuwa mdomoni mwetu. Tangu siku hiyo nimebadilisha namna yangu ya kuandika, na ndiyo maana nimeketi kuandika makala haya, kwa sababu vijana wa parokia kadhaa wameniuliza kazi hii ya kutunga maneno ya korale na ya mchezo wa nyimbo inafanywaje, na kila mara nimewajibu nusunusu mlangoni mwa kanisa.

Watu wengi hudhani maneno ya wimbo ni shairi lililovaa nguo za noti. Mimi pia nilidhani hivyo. Nilijifunza mizani ya mashairi ya pwani nikiwa kijana, kwenye kitabu kilichochanika jalada: mstari wa mizani 16, unaokatika katikati, nane huku na nane kule, vina vya kati na vya mwisho. Nikawa nahesabu kwa vidole kila nilichoandika. Hesabu ile ni nzuri na sijaiacha, lakini inahesabu silabi zote sawasawa, kama mtu anayehesabu mifuko bila kujali upi una saruji na upi una pamba. Muziki unajali. Katika kila kipande cha muziki kuna pigo zito na pigo jepesi, na silabi inayokaa juu ya pigo zito ndiyo sikio linayoichukua nyumbani.

Sasa Kiswahili kina tabia moja ambayo mtunzi lazima alale nayo na kuamka nayo: mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mu-ngu, uzito kwenye "mu". Mwo-ko-zi, uzito kwenye "ko". Yako maneno machache yanayokataa sheria hiyo. Barabara ya kwenda Likasi hukazwa kwenye silabi ya tatu, na kazi iliyofanywa barabara hukazwa kwenye ya pili. Lakini hayo ni ya kuhesabu. Kwa hiyo karibu kila neno letu linaishia na silabi nyepesi. Linapanda kidogo, halafu linatua.

Kifaransa kinafanya kinyume. Uzito wake huangukia mwishoni mwa fungu la maneno, na sauti nyingi za nyimbo zilizoletwa na mapadri kutoka Ubelgiji na Ufaransa zinaishia hivyo: noti ya mwisho ndiyo nzito, ndiyo ndefu, ndiyo inayopigiwa kinanda kwa nguvu. Maneno ya Kiswahili yalipowekwa juu ya sauti hizo, neno la mwisho la mstari likalazimika kusimama kwa mguu usio wake. MunguuU. MwokoziiI. Sisi tumekua nalo, masikio yetu yamezoea, na kuna nyimbo za namna hiyo ambazo nikizisikia leo machozi hunitoka kwa sababu bibi yangu aliziimba. Lakini keti siku moja na mgeni anayejua Kiswahili na hajui wimbo. Atakuuliza maneno yanasema nini. Yuko na lugha yake mwenyewe masikioni na haitambui.

Dawa ya kwanza ni kumwomba mtunga sauti aivunje noti ya mwisho iwe mbili, ndefu na fupi, ili neno lipate mahali pa kutua. Metre wangu hukubali mara tisa kati ya kumi. Mara ya kumi sauti inataka kuishia juu ya pigo, imara, kama mlango unaofungwa, na hapo ni mimi ninayepaswa kutafuta neno la silabi moja. Kiswahili kinayo machache: tu, si, ni, je. Ukimaliza wimbo wa Pasaka kwa "tu" umeupunguza wimbo wote.

Nilihangaika na jambo hili miaka mingi mpaka nilipokaa kwenye kilio kimoja katika mtaa uitwao Kenya, hapa hapa Lubumbashi, na kusikiliza jinsi mama zetu wanavyolia. Hawamalizi mstari kwa neno. "Mama wee." "Mwana wangu ee." "Unaniachia nani yoo." Nilikuwa nikidhani ile "wee" ni pumzi ya uchungu tu, kitu kinachomtoka mtu bila kupenda. Siku ile nikapiga vidole gotini na kusikia: neno linatua kwenye silabi yake nyepesi, na "wee" inakuja kushika pigo zito lililobaki wazi. Wale mama walikuwa wamelitatua zamani tatizo ambalo mimi nilikuwa nalo kwenye daftari. Leo ninaiandika "ee" kwenye karatasi kama neno kamili, na kijana yeyote akiniambia ni ya kujaza nafasi, namwambia aiondoe halafu aimbe.

Pumzi nayo ina mitego yake. Mwimbaji wa korale huvuta pumzi pale sauti inapomruhusu, si pale maana inapomruhusu. Nilishawahi kuandika "Bwana, sikia sala yetu", sala ya kawaida kabisa, na sauti ikaweka kituo baada ya silabi ya tatu. Korale nzima ikasimama pamoja na kutangaza: "Bwana si." Halafu wakavuta pumzi. Kiambishi chetu cha kukana ni kifupi mno, kinakaa mwanzoni mwa maneno mengi yasiyo na ubaya wowote: sikia, simama, siku, simba. Kabla sijamkabidhi metre maneno, sasa nayasoma kwa sauti nikikata pumzi mahali pabaya kwa makusudi, nione yatasema nini yakivunjika.

Mji huu una historia ndefu ya mambo haya. Joseph Kiwele, aliyezaliwa Mpala kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1912 na kufariki mwaka 1961, alitunga Missa Katanga wakati mji bado unaitwa Elisabethville, na ndiye pia aliyetunga La Katangaise, wimbo wa taifa wa Katanga iliyojitenga mwaka 1960. Kaskazini kwetu, Kamina, Padri Guido Haazen kutoka Ubelgiji na kundi lake la Troubadours du Roi Baudouin waliimba Missa Luba kwa mara ya kwanza tarehe 23 Machi 1958. Dunia iliisikiliza, na inaisikiliza hadi leo.

Jambo linalonivutia katika Missa Luba ni la fundi wa maneno. Sauti zake zimetoka katika nyimbo za watu wetu, lakini maneno ni yaleyale ya misa, Kilatini, na Kyrie yake ya Kigiriki. Mama yangu alikuwa Muluba, na Kiluba ni lugha ya toni: silabi ina urefu wake wa juu au wa chini, na ukiipandisha iliyo chini unaweza kuwa umesema kitu kingine. Anayetunga wimbo wa Kiluba hayuko huru na sauti. Maneno yenyewe yamekwisha kumchorea nusu ya njia. Ndiyo maana tenzi za Ulaya zilizotiwa maneno ya lugha zetu za toni ziliwafanya wazee wakunje uso. Kilatini hakina toni, kwa hiyo waimbaji wa Kamina waliweza kukilaza juu ya sauti yoyote ya nyumbani bila kukiumiza. Kiswahili nacho, tofauti na ndugu zake wengi wa Kibantu, hakina toni. Kinamwachia mtunga sauti uwanja wote, kinamdai mkazo tu. Deni moja! Nikiwaza jinsi watunzi wa Kiluba na Kibemba wanavyodaiwa kila silabi, naona sisi tuna bahati, na ndiyo maana hatuna kisingizio cha kuandika ovyo.

Halafu milango ikafunguka. Hati ya liturujia ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ya tarehe 4 Desemba 1963, iliruhusu lugha za watu kuingia katika misa, na mwaka 1988 Roma ikaidhinisha misale, kitabu cha misa, ya majimbo ya Zaire, ile ambayo ndani yake watakatifu wanaitwa pamoja na mababu. Ghafla kila parokia ilihitaji maneno. Korale zilikuwepo, ngoma zilikuwepo, watunga sauti walikuwepo. Waandishi wa maneno walikuwa yeyote aliyekuwa na kalamu siku ile.

Na kalamu hiyo iandike Kiswahili kipi? Hapa ndipo tunapogombana, na tunagombana kweli. Kuna Kiswahili cha kitabu, kile tunachokiita bora, cha katekisimu na masomo ya Jumapili. Kuna Kiswahili chetu cha Lubumbashi, cha batoto na bamama, cha "iko" na "kuya". Wazee wengine wanaona kukipeleka hiki cha pili mbele ya altare ni kama kwenda kanisani na kandambili. Ninawaheshimu, na katika sala ninaandika kama wanavyotaka. Ila kuna jambo moja ambalo koo lenyewe limenifundisha.

Chukua neno mtoto. Kwenye kitabu ile "m" ni silabi kamili, ina mizani yake, kwa hiyo metre ataipa noti yake. Sasa mwambie mwimbaji aishike noti ya "m" kwa mapigo mawili. Midomo imefungwa. Sauti inarudi puani, korale ya watu 40 inageuka kuwa mzinga wa nyuki. Watu wetu, bila kufundishwa na yeyote, wanaimba mutoto. Wanaimba muchungaji, mutakatifu, mukombozi. Nilikuwa naandika "m" kwenye karatasi, wao wanaimba "mu", na miaka mingi nikawa nawasahihisha, nikisimama mbele na kidole juu kama mwalimu wa darasa la tatu. Walikuwa na haki. Usemi wetu umeiweka irabu pale ambapo mwimbaji anaihitaji. Sasa naandika mutoto, hata kwenye karatasi inayokwenda kwa padri, na padri wetu aliponiuliza nikamwomba aimbe mwenyewe yote mawili. Alicheka, akaiacha.

Irabu ndizo mali yetu. Zetu ni tano, safi, na karibu kila silabi inaishia kwa mojawapo. Ndiyo sifa ileile inayowafanya watu wa opera waipende Kiitaliano. Lakini hazilingani zikipanda. Soprano akifika noti ya sol ya juu, "a" inamfungulia koo. "I" na "u" zinambana, na kama hana mazoezi anazigeuza zote kuwa kitu kimoja kisichojulikana. Nina daftari dogo la maneno ambayo silabi yake nzito ina "a": amani, furaha, baraka, salama, imara, shangwe. Nilipokuwa nayapanga, nikaona kitu kilichonifanya niweke kalamu chini. Kilio. Kifo. Musiba. Huzuni. Uchungu. Silabi zake nzito ni li, ki, si, zu, chu. Maneno yetu ya raha mengi yanafungua mdomo, ya uchungu mengi yanaubana. Haiko sheria, simanzi ina "ma" yake na uzima una "zi" yake. Lakini tangu hapo ninamwomba metre huzuni aiweke katikati au chini, kwa alto na besi, ambapo irabu nyembamba inasikika kama ilivyo, na juu aache nafasi ya siku ya furaha. Wimbo wa maziko ukipanda juu sana na "kifo", hakuna atakayejua tunalilia nini.

Niseme kidogo jinsi tunavyofanya kazi, kwa sababu si kama vitabuni. Umeme ukiwepo tunafanya mazoezi ukumbini; usipokuwepo, tunaimba kwa taa za simu zilizoegemezwa kwenye viti. Maneno huenda kwa karatasi, sauti huenda kwa WhatsApp. Metre anaimba kila sauti peke yake, soprano mpaka besi, anaituma kwenye grupu, na kila mtu anajifunza yake akiwa sokoni au kwenye basi. Ina maana kwamba mwimbaji hukutana na neno langu kwanza kwa sikio, peke yake, katikati ya kelele za mji. Neno lisilosikika hapo halitasikika popote.

Korale ilipotimiza miaka 25 walitaka mchezo wa nyimbo, wa saa nzima, wenye watu wanaocheza na korale ikiwa ni mji. Sijawahi kuogopa kazi hivyo. Mji huu uliwahi kujengewa ukumbi mkubwa wa michezo ya jukwaani, kazi ya msanifu Claude Strebelle iliyokamilika mwaka 1956. Leo ndimo linamokutana bunge la jimbo. Sisi tulikuwa na ukumbi wa parokia, pazia la vitenge vilivyoshonwa na mama wa korale, gitaa mbili na ngoma tatu. Lakini jukwaa la Kiswahili cha mji lilikwisha kufunguliwa kabla yetu. Kundi la Mufwankolo, kwa michezo yao ya redio na televisheni, liliwaonyesha wazazi wetu kwamba watu wanaosema kama sisi wanaweza kusimama jukwaani na mambo mazito ya mamlaka na ya ndoa yakasemwa kikamilifu.

Hadithi yangu ilikuwa nyepesi: kijana anaondoka nyumbani usiku kwenda kuchimba, mama yake anajua na hawezi kumzuia. Kwa tukio la mlangoni nilimwandikia mama wimbo wa beti tatu, mizani 16 kwa mstari, vina vyote viwili vimekaa. Niliufanyia kazi mwezi mzima. Ulikuwa na mgodi uliofananishwa na tumbo, na shaba iliyofananishwa na damu. Nilijivunia.

Aliyepewa nafasi ya mama ni alto anayeuza samaki sokoni. Aliuimba wote, kwa uangalifu, noti zote sahihi, halafu akanijia na karatasi mkononi. "Papa," akasema, "mutoto anaenda usiku. Mie nitatosha wapi nguvu ya kusema hii yote?"

Nikamuuliza yeye angesema nini.

Hakufikiri. "Ningemwambia bukari iko ya moto."

Bukari ndio ugali wetu. Nikahesabu kwa vidole, nyuma ya mgongo, kama ninavyofanya tangu ujana. Bu-ka-ri i-ko ya mo-to. Nane. Nusu kamili ya mstari wa shairi, imetoka kwa mtu asiyewahi kuhesabu mizani maishani mwake, mkazo umekaa kwenye "ka" na "mo", irabu zote mbili wazi. Na ndani yake kuna kila kitu nilichokitafuta mwezi mzima: kaa, kula kwanza, najua unaenda, sitakuambia usiende. Beti zangu tatu nilizikunja nikazitia mfukoni. Metre aliuwekea mstari ule noti mbili tu, akaamuru gitaa na ngoma zinyamaze.

Baadaye nilisoma kwamba Verdi, mtunzi wa Italia, alipokuwa akitunga opera yake Aida mwaka 1870, alimwandikia mtu wake wa maneno, Ghislanzoni, akimdai kile alichokiita parola scenica, neno la jukwaani, linalochonga tukio likaonekana wazi mara moja, hata kama mwandishi atalazimika kuacha vina na mpangilio wa beti. Ningelisoma kabla, ningeokoa mwezi. Lakini nadhani nisingelielewa kabla ya kusikia habari ya bukari.

Mwezi wa Januari 2024, kwenye Grand Théâtre ya Geneva, iliimbwa kwa mara ya kwanza opera Justice. Muziki ni wa Hèctor Parra, uongozi wa jukwaa ni wa Milo Rau, na libreto, yaani maneno yake, iliandikwa na Fiston Mwanza Mujila, mwana wa Lubumbashi. Inahusu ajali ya tarehe 20 Februari 2019 pale Kabwe, kwenye njia ya kwenda Kolwezi, lori la asidi ya migodi lilipogongana na basi. Watu wapatao 20 walikufa. Njia ile naijua, shemeji yangu huipita kila mwezi. Mmoja wa waimbaji, Serge Kakudji, mwenye ile sauti ya juu ya kiume inayoshangaza, ni mzaliwa wa Kolwezi. Niliposikia habari hizo nilisimama uani nikashindwa kurudi ndani. Libreto ni ya Kifaransa, na mwandishi ni bwana wa Kifaransa, sina neno juu ya hilo. Nilichowaza ni wale mama wa Kabwe. Uchungu wao ulitoka midomoni mwao kwa lugha hii yetu, na ina "wee" yake, ina "ee" yake, ina silabi nyepesi mwishoni mwa kila neno. Ninatamani niishi nione opera ya saa mbili iliyotungwa juu ya silabi hizo, hapa, na watu wa hapa.

Juu ya malipo na jina nitasema kwa ufupi, maana inaniuma. Kuna mwaka niliandika maneno yote ya kantata kwa sherehe kubwa ya taasisi moja, miezi mitatu ya kazi. Kwenye programu iliyochapwa waliandika jina la mtunga sauti, la metre, la mpiga kinanda, hata la aliyekodisha viti. Langu halikuwepo. Hawakuwa na nia mbaya. Walidhani maneno yalikuwepo tu, kama hewa ukumbini. Sheria yetu ya haki za watunzi, ya tarehe 5 Aprili 1986, inamlinda mwandishi wa maneno kama inavyomlinda mwenye sauti. Vijana, andikeni jina lenu chini ya kila ukurasa kabla haujatoka mkononi.

Usiku wa mchezo ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Ilipofika pale mlangoni, muuza samaki akasimama, mikono yake ikipangusa kitenge, akaimba zile silabi nane kwa noti zake mbili. Kijana hakujibu, ndivyo nilivyoandika. Katika kimya kile mwanamke mmoja nyuma kabisa akasema kwa sauti ya kawaida, kama yuko nyumbani kwake: "Kula kwanza, mwana." Na kijana, ambaye hakuwa na neno hilo popote kwenye karatasi yake, akarudi hatua mbili akaketi mezani.

Sasa tuko kwenye kazi ya Noeli. Metre ametuma sauti Jumatano, nzuri kupita kiasi, inayopanda mpaka sol ya juu na kukaa pale mapigo manne. Anataka neno liwe uzima, kwa sababu ndilo tunaloamkiana nalo kila asubuhi katika mji huu: uko muzima? Ana haki. Lakini uzito wake uko kwenye "zi", na nimeshamsikia soprano wetu akiing'ang'ania "zi" pale juu kama mtu anayeshikilia waya. Nimempa uhai: "ha" inafunguka vizuri, inajaza ukumbi. Anasema hakuna mtu Katuba anayeamka na kuulizwa habari za uhai. Nimemwomba aishushe sauti kwa noti mbili. Bado hajajibu.